Makro Iliyokula Nukta za Kisima

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu. Vilinibana tangu stendi ya mabasi ya Singida mjini hadi mlango wa ofisi ya maji, na nilipofika nilikuwa nimeshakasirika. Nilikuwa binti wa Kinampanda aliyemaliza kidato cha nne, mwenye mwandiko mzuri na mkono usiotetemeka, na nilikuwa nimeajiriwa kuchora grafu. Mkuu wa Takwimu, mzee mwembamba aliyependa kuongea huku akichonga penseli, alinitazama miguu, akasema, "Vua hivyo. Hapa tunakaa kutwa." Nikavua. Kazi yangu ya kwanza niliifanya pekupeku.

Nyinyi vijana mkiona kisima kirefu kimechimbwa na maji yameruka, mnadhani kazi imeisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kisima lazima kijaribiwe. Inashushwa pampu, maji yanavutwa kwa kasi ileile usiku na mchana, na muda wote huo fundi anapima maji yameshuka kiasi gani ndani ya shimo. Kisha pampu inazimwa, na fundi anaendelea kupima yakipanda kurudi mahali pake. Hicho kipindi cha pili tunakiita kurudi kwa maji. Kisima chenye chanzo kizuri hurudi bila kusita. Kile kilichokalia mfuko mdogo wa maji katikati ya mwamba, na miamba ya Singida ina mifuko hiyo mingi, hupanda kwa kujivuta na hakifiki kilipoanzia. Cha namna hiyo hufungwa kwa kifuniko cha chuma. Ukiwawekea watu bomba juu yake watachota msimu mmoja, halafu watabaki wanapampu hewa.

Kupima kwenyewe wakati huo kulikuwa kwa dipa, yaani utepe mrefu wenye ncha ya chuma ambayo ikigusa maji inalia. Fundi anasikiliza, anasoma utepe, anaandika. Namba zikifika ofisini, mimi nazipanga kwenye karatasi ya grafu ya aina ya pekee, ambayo mistari yake inaanza kwa kuachana na kuendelea inabanana. Karatasi hiyo huonyesha dakika za mwanzo kwa upana na saa za mwisho kwa ufupi, ili mwendo wa maji uonekane kama mstari ulionyooka. Mstari ukipinda, kuna jambo. Mkuu wa Takwimu alinipa agizo moja tu siku ile. "Nukta ikikaa vibaya usiifute. Izungushie duara, uniite." Nilimwita mara nyingi sana wiki ile, akachoka, lakini hakubadilisha agizo lake.

Baadaye nilihamishiwa Kiomboi. Huko Mhandisi wa Wilaya alikuwa mtu wa haraka, mwema sana kwa watumishi wake, ila alikuwa hawezi kungoja. Alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu na kuhema. "Mama Gunda," aliniambia siku moja, "hiyo ni picha tu. Jibu ninalo kichwani." Nikamwambia, "Basi saini kilichomo kichwani, mheshimiwa, mimi nikaandae chai." Alicheka hadi akakaa chini, akangoja grafu. Nilikaa naye miaka mingi. Watoto wangu walianza shule pale Kiomboi na mdogo akamalizia pale, na nilipopata barua ya kurudishwa mkoani niliondoka nikilia, maana nilikuwa nimeshapanda miembe na nyumba ilikuwa na kisima cha uani kilichochimbwa vizuri.

Niliporudi Singida mjini karatasi za grafu zilikuwa zimewekwa kabatini. Kulikuwa na kompyuta, na ndani yake programu ya kuchorea grafu. Dipa nayo ilikuwa imepata mwenzake anayeitwa kihisi, kifaa kidogo kama tochi kinachoning'inizwa ndani ya kisima na kujiandikia kina cha maji kila dakika, mchana na usiku, bila kulala na bila kudai posho. Faili moja ya kihisi ilikuwa na namba nyingi kuliko nilizowahi kuzichora kwa mkono katika mwezi mzima. Kwa sababu hiyo mtaalamu mmoja wa maji ya ardhini, kabla hajahamishwa, alituandikia makro.

Makro, kwa wasioijua, ni mfululizo wa maagizo unaoiandikia programu mara moja, halafu kila siku unabonyeza kitufe kimoja na yote yanatendeka kwa mpangilio. Makro yetu ilifungua faili ya kihisi, ikaondoa maneno ya juu na kubakiza namba, ikatoa kina cha mwanzo kwenye kina cha kila dakika, ikatupa namba mbovu, ikachukua wastani wa kila fungu la dakika kumi, ikachora nukta, na mwisho ikapitisha mstari. Kazi ya siku mbili iliisha kabla maji ya chai hayajachemka. Sikuwahi kuichukia, ingawa wapo waliodhani hivyo kwa sababu nilikuwa mwanamke mtu mzima niliyevaa miwani. Niliipenda. Ila niliipenda kwa namna ninavyompenda mpishi wa shughuli, nikiwa na haja ya kuingia jikoni kuona anachotia chunguni.

Ikiharibika, wengi waliibonyeza tena na tena wakitumaini huruma. Mimi nilijifunza kuiendesha hatua moja moja. Programu ina namna ya kuisimamisha makro kila baada ya mstari mmoja wa maagizo, ukaangalia namba zimekuwaje kabla ya kuendelea. Nilijifunza pia kuzima mstari, yaani kuuwekea alama ili makro iupite bila kuutekeleza, nikaona matokeo yanabadilika vipi. Na nilikuwa na faili ya kisima kimoja cha zamani nilichokwisha kukichora kwa mkono. Jibu lake nilikuwa nalijua, kwa hiyo kila makro ilipofanyiwa marekebisho niliilisha faili hiyo kwanza. Ikikosea hiyo, haigusi nyingine. Hii si akili nyingi. Ni ubishi tu, na ubishi nimezaliwa nao.

Sasa niwaambie habari ya kisima cha kitongoji kimoja nje ya Sepuka, ambacho ndicho kilichonichosha na kunifurahisha kuliko vyote.

Watu wa kitongoji kile walikuwa wakichota kwenye mashimo ya mchanga ndani ya korongo, mbali, wakigombania na ng'ombe. Zamu yao ya kuchimbiwa ilikuwa imefika baada ya kungojwa muda mrefu. Mtambo ulichimba, maji yakapatikana, jaribio likafanyika. Namba za maji yakishuka hazikuwa nzuri wala mbaya; mwishoni mstari ulipinda kidogo kwenda chini. Mhandisi wa Mkoa, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, mtu makini, alisema, "Hapa nipo katikati, mama. Kurudi kwa maji ndiko kutakakoamua." Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Jumatatu mtambo ulitakiwa kuondoka kwenda wilaya nyingine, na mafundi wa kufunga visima wangeondoka nao. Kisima kikikataliwa, kitongoji kile kinarudi mwisho wa foleni.

Nikabonyeza kitufe. Makro ikafika kwenye wastani, ikasimama, ikaandika kwamba imeambiwa igawanye kwa sifuri.

Mkuu wa Takwimu wa wakati huo, mtu mwepesi wa vidole, alisogea kwenye kompyuta yangu. Aliona haraka kwamba kuna mafungu ya dakika kumi yasiyo na namba hata moja, na wastani wa namba zisizokuwepo haupo. Akaongeza mstari mmoja: fungu likiwa tupu, liruke. Makro ikakimbia hadi mwisho. Grafu ikatoka safi kabisa, nukta zimejipanga, zinapanda kwa kujivuta, na kabla ya kufika juu zimekata tamaa. Mtu yeyote wa kazi yetu angeitazama na kusema mfuko mdogo.

Mhandisi aliitazama, akashusha pumzi. "Basi. Tutakifunga."

"Bado, mheshimiwa," nikasema.

"Mama, grafu imetoka. Unangoja nini tena?"

"Kihisi kinaandika kila dakika. Fungu la dakika kumi lazima liwe na namba kumi. Nataka kujua hizi zimekwenda wapi."

"Labda kihisi kilizima."

"Kikizima hakijiwashi chenyewe. Na hapa mafungu matupu yako sehemu tatu, katikati yake namba zipo."

Alinitazama, kisha akatazama dirishani gari lililokuwa linamngoja. "Una muda mpaka mchana," akasema. Nilikuwa nimeshageukia kompyuta.

Niliuzima ule mstari wa kuruka mafungu matupu. Mkuu wa Takwimu alinuna kidogo. Nikamwambia haukuwa na kosa, isipokuwa umeziba mdomo wa makro kabla haijamaliza kusema. Kisha nikaiendesha hatua moja moja. Faili ilipofunguliwa, nilihesabu mistari: hakuna dakika iliyokosekana. Maneno ya juu yalipoondolewa, namba zote zilikuwepo. Kina cha mwanzo kilipotolewa, zote zilikuwepo. Ilipofika kwenye kutupa namba mbovu, ndipo safu ikatoboka.

Lazima niwaeleze hatua hiyo ili msimlaumu aliyeiandika. Kihisi kinaning'inia kwa waya, na waya unafungwa juu mdomoni mwa kisima. Watoto hupita wakauvuta, mbuzi hujikuna hapo, na kila mara kina kinaruka ghafla kwa dakika moja au mbili halafu kinarudi. Kwa hiyo mtaalamu aliiagiza makro kwamba baada ya saa ya kwanza, maji yasingeweza kupanda au kushuka kwa zaidi ya shubiri ndani ya dakika moja; ikiona hivyo, itupe. Kwa waya uliovutwa agizo hilo lilikuwa zuri kabisa, na lilitufaa kwenye visima vingi.

Nikauzima mstari huo, nikaiacha makro ichore kila kitu.

Kwenye kioo cha kompyuta hapakuwa tena na mwendo wa kujivuta. Maji yalikuwa yakipanda vizuri, kwa haraka, kisha ghafla yanaporomoka. Yakapanda tena, yakaporomoka. Yakapanda, yakaporomoka mara ya tatu. Mtoto akivuta waya haionekani hivyo. Waya ukivutwa, namba huruka na kurudi papo hapo. Hapa maji yalishuka kwa dakika nyingi mfululizo, halafu yakaanza kupanda upya kwa mkunjo uleule. Nilikuwa nimechora mikunjo ya namna hiyo maisha yangu yote. Ile ilikuwa pampu. Mtu alikuwa ameiwasha wakati kisima kinatakiwa kupumzishwa, na makro, kwa utiifu wake, ilikuwa imetupa kila ushahidi na kubakiza vipande vya mwendo wa taratibu vilivyokuwa katikati.

Nilimpigia simu Hamisi, fundi pampu aliyekaa na kisima siku ya jaribio. Alikuwa Mnyaturu wa palepale Sepuka, mtu wa kuaminika, tumefanya kazi pamoja miaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Hamisi. Hamjambo huko? Wakati maji yanarudi, pampu iliwashwa?"

"Haikuwashwa, mama."

"Hamisi. Iliwashwa asubuhi jua likiwa halijakolea, ikawashwa adhuhuri, na ikawashwa tena karibu na alasiri. Ninaiangalia hapa kwenye kioo."

Nilimsikia akisema jambo kwa Kinyaturu na mtu wa pembeni, na mimi Mnyiramba niliambulia neno la msiba tu.

"Mama, kulikuwa na msiba," akasema. "Mwenye nyumba amefariki alfajiri, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Wamekuja na mapipa. Maji ya kumwoshea marehemu hayapo, ya kupikia watu hayapo, na korongo unalijua liko wapi. Mimi nimeambiwa mtu asichote. Lakini mama, mtu amekuja na mkokoteni, amevua kofia, anaomba maji ya kuoshea ndugu yake. Nitamwambia nini? Kwamba tunapima?"

"Mbona hukusema?"

"Nitafukuzwa kazi. Na kisima kitaonekana kimeharibiwa na sisi wenyewe. Wazee wamesema tunyamaze."

Nilikasirika, na sikumficha. Nilimwambia kunyamaza kwao ndiko kulikokuwa kunakifunga kisima. Lakini nilipokata simu nilijua kwamba hata mimi ningeiwasha pampu ile. Kwetu mtu mwenye msiba haambiwi asubiri. Hakuna mhandisi, hakuna mwalimu, hakuna padri wala shehe angesimama mbele ya mkokoteni ule na kusema hapana. Kosa lao lilikuwa kuogopa kutuambia.

Mhandisi alirudi kabla ya chakula. Nilimweleza yote, jina la Hamisi pamoja. Uso wake ulibadilika, akaanza kusema habari za nidhamu na za mafuta yaliyotumika, na alikuwa na haki. Nilimwacha amalize. Kisha nikasema, "Mheshimiwa, kabla hujaandika barua ya Hamisi, tazama hii."

Alikaa. Alitazama muda mrefu, ameegemeza kidevu kwenye ngumi. Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyeona jambo ambalo mimi, kwa hasira ya kutafuta dakika zangu, sikuwa nimeliona.

"Mama, hebu ikate vipande. Kila mara pampu ilipozimwa, anza kuhesabu upya kutoka sifuri. Kisha vilaze vipande vyote pamoja."

Niliandika maagizo mapya pale pale, yeye akinitajia dakika, mimi nikibonyeza. Tukailisha kwanza faili yangu ya kisima cha zamani. Ikatoa jibu lake la siku zote. Tukailisha faili ya Sepuka. Mikunjo minne ikalala mmoja juu ya mwingine, na kwa macho usingeweza kuitenganisha.

"Kisima hiki hakijachoka," Mhandisi akasema taratibu. "Kimevutwa usiku na mchana, kikavutwa tena mara tatu bila kupumzika, na kila mara kimeinuka vilevile. Unajua mama, namba za kushuka zilivyokuwa na shaka, ningepata kurudi mara moja tu ningekifunga kwa tahadhari. Sasa nimepewa mara nne." Akasaini. Barua ya Hamisi iliandikwa, ilikuwa ya onyo, na nadhani ilistahili. Mtambo uliondoka Jumatatu bila kukifunga kisima.

Makro tuliibadilisha. Haikutupa tena nukta yoyote. Ikiona ya ajabu iliipaka rangi nyekundu na kusimama hadi mtu aje atazame. Vijana walilalamika kwamba imekuwa ya kusumbua. Niliwaambia ndivyo nilivyotaka iwe.

Nimestaafu sasa. Niko Kinampanda, nalima alizeti na kuwagombeza kuku. Vijana wa ofisini bado wananipigia makro ikisimama, na nawaambia kila siku jambo lilelile: usiinyamazishe, isikilize kwanza. Kompyuta inayolalamika inakusaidia. Ya kuogopa ni ile inayokupa grafu nzuri haraka, ukafurahi, ukaenda nyumbani. Na namba ikiwa ya ajabu, mpigie mtu aliyekuwa pale ilipopimwa, umuulize kulikuwa na nini siku ile. Wengi wanaona aibu kuuliza. Aibu hiyo imefunga visima.

Baada ya alizeti za mwaka jana nilialikwa harusi upande ule wa Sepuka, binti wa Hamisi anaolewa. Asubuhi ya harusi tulikuwa jikoni tunachambua mchele, akaja mama mmoja wa makamo, akanisalimia, akakaa karibu yangu kuchambua nami. Jina lake Bi Zaituni.

"Wewe ndiye wa ofisi ya maji," akasema. "Marehemu wa siku ile ya kisima alikuwa mume wangu."

Nikampa pole, ingawa ilikuwa ya kuchelewa.

"Hapa maneno yalisemwa," akaendelea, anachambua mchele bila kunitazama. "Kwamba kisima kilitaka kufungwa kwa ajili ya mapipa yangu. Mimi bombani naenda saa saba, jua kali, wenzangu wakiwa wameondoka. Nimezoea."

Sikuona huzuni, niliona hasira ileile ya Ijumaa ile. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa na grafu yenye jibu kwenye kabati la ofisi, na hakuna aliyefika kumweleza mwanamke huyu. Niliuweka ungo chini. Nikamwomba ndoo yake. Akasema yuko jikoni kwa watu, hana ndoo. Nikachukua ya mwenye shughuli, nikamshika mkono, tukaenda bombani, na ilikuwa asubuhi, foleni imejaa.

Niliwasalimia. Nikasema mimi ndiye niliyekichora kisima hiki. Nikawaambia kwamba Mhandisi alikuwa na shaka nacho, na kwa jaribio lake peke yake alikuwa anakifunga, na kwamba kilichomwondolea shaka ni yale mapipa ya msiba: pampu iliwashwa mara tatu, na mara tatu maji yakainuka. "Maji mnayochota hapa," nikasema, "mmeyapata kwa sababu ya nyumba ya huyu mama."

Bomba liliendelea kutoa maji kwenye ndoo ya mtu. Kisha bibi mmoja ambaye zamu yake ilikuwa inafuata akavuta ndoo yake nyuma, akamwambia Bi Zaituni aweke ya kwake.